Kengele Mbili ni Kupanda

Ofisi yetu ipo juu ya bucha,
katika bonde la makaa, kaskazini mwa Uhispania.
Mvua ya Januari haina haraka hapa,
inanyesha kama mtu anayelipwa kwa saa.
Mimi ni Olvido. Kazi yangu ni kuwatafutia wengine kazi,
na fomu yangu ina kisanduku chembamba: UJUZI.

Eutimio Llaneza, namba kumi na saba,
alikaa ukingoni mwa kiti kama mdaiwa.
Miaka hamsini na mitatu. Mgodi ulipofungwa,
yeye alifungiwa nje.
"Andika: hakuna."
Nikaweka kalamu chini.
Hakuna si ujuzi, bwana. Mikono hiyo ilikuwa ikifanya nini
saa kumi na moja alfajiri, mimi nikiota?

Akaitazama kana kwamba ni ya jirani.
"Nilikuwa mtu wa winchi. Kizimba cha chuma,
watu ishirini, mita mia nne kwenda chini.
Kengele moja, simama. Mbili, panda.
Tatu, shusha taratibu, umebeba binadamu.
Waya ukichoka husema kabla ya kukatika.
Nilikuwa nausikiliza.
Miaka ishirini na sita, sikumwangusha mtu."

Kisanduku hakikutosha.
Niliandika mpaka pambizoni, nikageuza karatasi.

Sasa sikia upande wa pili wa ukuta.
Benigna Cuervo, mwenye karakana ya lifti,
hunipigia simu kila Jumatatu:
nipe fundi, awe chini ya thelathini,
awe na cheti, awe na leseni, awe amefika jana.
Wenye vyeti wako Madrid.
Na huko majengo ya wachimbaji, ghorofa ya tano,
wajane wanateremsha vikapu kwa kamba
kununua mkate,
maana lifti imekufa tangu Krismasi.

Mwenye kazi analia hana mtu,
mtu analia hana kazi,
na kati yao ni mtaa mmoja tu na kilabu cha mvinyo wa tufaha
ambamo wamepishana miaka bila salamu.
Mimi sigawi kazi. Mimi ni bawaba.
Hakuna anayeishukuru bawaba,
ila iondoe uone: mlango ni ubao.

Nikaenda kwa miguu, viatu vikinywa maji.
"Hamsini na mitatu?" Benigna alicheka kwa pua.
"Huyo ni wa kuagwa, si wa kukaribishwa."
Miezi mitatu afunzwe, nikamwambia,
nusu ya mshahara tubebe sisi.
Akishindwa, mrudishe,
nami Jumatatu zako zote nitazipokea kimya.

Mtihani wa kwanza alianguka.
Hakuniambia; niliambiwa na muuza nyama.
Michoro ya umeme, mistari myembamba kama nywele,
na yeye anaisoma kwa kukisia.
Fungu la nauli likanunua miwani,
na hilo lisifike makao makuu.
Mara ya pili alipita, kwa alama mbili.

Sitawadanganya. Wiki hiyohiyo Aroa,
mwenye shahada ya kemia, aliyenijia mara tisa,
alimwachia mama yake ufunguo, akapanda basi la usiku.
Kompyuta inajua sababu tatu za kufunga faili:
amepata, amehama, amefariki.
Nilitafuta "tulimshindwa". Haipo.

Machi, lifti ya jengo la mwisho iliamka.
Bi Herminia aliingia, kiganja ukutani.
Kabla ya kubonyeza, Eutimio aligonga chuma kwa pete
mara mbili.
Bi Herminia hakuuliza maana.
Mumewe alikuwa mtu wa kizimba.

Kikapu chake bado kinaning'inia dirishani.
Lifti ni ya kampuni, anasema;
kamba ni yangu.